Kelele isiyosikika: kichujio cha ishara katika vipimo vya viwandani, na maneno ya kukielezea

Miaka michache iliyopita tuliombwa kutafsiri kwa Kiswahili kitabu kidogo cha mafunzo, kilichokusudiwa mafundi wa vipimo katika kiwanda kimoja cha kusafisha shaba hapa kwetu Katanga. Kitabu chenyewe kilikuwa kwa Kifaransa, kurasa zake hazikufika arobaini, nasi tulidhani kazi hiyo ingetuchukua juma moja tu. Kila tulipokuta neno la Kifaransa lenye maana ya kuchuja, tuliandika chujio, tukaendelea mbele bila wasiwasi. Siku ya kwanza ya mafunzo, fundi mmoja mwenye umri mkubwa alinyanyua mkono akauliza: «Mwalimu, hii chujio tunaiosha kisha siku ngapi?» Wenzake hawakucheka. Walikuwa wakingoja jibu.

Swali hilo ndilo asili ya makala haya. Yafaa ieleweke kwamba mzee yule alikuwa amelifahamu neno letu barabara. Chujio la chai hubaki na majani. Chujio la mafuta ya gari hubaki na tope. Na kwa wenzetu wa pwani, chujio la tui hubaki na machicha. Chochote kinachozuia uchafu hujaa uchafu, na kilichojaa uchafu sharti kioshwe au kitupwe. Kosa lilikuwa letu sisi tuliopeleka neno katika nyumba ngeni bila kulifuatilia ili kuona litaishije humo. Tangu siku hiyo tumejifunza, kwa msaada wa wahandisi na hasa wa mafundi wenyewe, mambo ambayo mtu wa isimu hafundishwi darasani. Tunayaandika hapa kwa ajili ya wanafunzi wetu ambao kesho wataitwa kutafsiri vitabu vya namna hiyo, na kwa ajili ya wenzetu wa kitivo cha ufundi ambao pengine hawajawahi kuona somo lao likielezwa kwa Kiswahili.

Ishara na kelele

Tuanze na chombo kimoja. Ili kupima joto la tanuru ya shaba, ambayo huyeyuka ifikapo nyuzi 1,085 za Selsiasi, hakuna kipimajoto cha kioo kinachoweza kutumika. Mafundi hutumia nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, chombo ambacho wao hukiita termokuple. Mnamo mwaka 1821 mwanasayansi Mjerumani Thomas Seebeck alitambua kwamba metali mbili zilizounganishwa hivyo huzaa umeme pale ambapo ncha moja ina joto kuliko nyingine. Umeme huo ni mdogo sana. Katika aina iliyoenea zaidi viwandani, inayojulikana kwa herufi K, kila nyuzi moja ya joto huleta takriban volti 41 zilizogawanywa kwa milioni moja. Kwa hiyo, tanuru ikiwa na nyuzi 1,000, kinachofika mwisho wa waya ni kama sehemu 41 za elfu za volti moja, yaani umeme ambao hata taa ndogo kabisa haiwezi kuutambua.

Umeme huo mdogo, unaobeba habari ya joto, ndio tunaouita ishara. Neno hili linafaa, kwani tangu zamani ishara kwa Kiswahili ni kitu kimoja kinachosimama badala ya kingine ili kukijulisha. Waya wenyewe hauna moto. Unatoa habari za moto.

Sasa waya huo unatoka kwenye tanuru na kwenda mita mia moja au mia mbili hadi chumba cha waangalizi. Njiani unapita kando ya nyaya nene za mota, chini ya taa, nyuma ya transfoma. Kila waya mnene wenye mkondo geu huzungukwa na uga wa sumaku unaogeuka mara 50 kwa sekunde, na uga huo huamsha umeme mdogo katika waya wetu mwembamba. Umeme ulioingia hivi bila kualikwa unaweza kufika sehemu moja ya elfu ya volti. Msomaji atauliza: je, hiyo ni kitu? Ni kitu, na ni kikubwa. Gawanya kwa 41 za milioni, utapata nyuzi 24. Mwangalizi ataona joto linachezacheza nyuzi 24 juu na nyuzi 24 chini, ilhali tanuru yenyewe imetulia.

Mgeni huyo asiyealikwa, Wafaransa humwita kwa neno lile lile walitumialo kwa makelele ya sokoni. Sisi tulisita. Katika semina yetu wanafunzi wawili walipinga vikali kwamba kelele ni ya masikio, na kwamba kitu kisichosikika hakiwezi kuwa kelele. Wakapendekeza mvurugo, na mwingine akapendekeza uchafu wa ishara. Hoja yao ilikuwa na uzito. Lakini mafundi waliposikia uchafu walirudi mara moja kwenye swali la kuosha, na mvurugo waliuelewa kuwa ni hitilafu, yaani kwamba mashine imeharibika. Kelele si hitilafu. Mashine nzima inafanya kazi yake vema, wala hakuna kilichovunjika. Kwa sababu hiyo tulibaki na kelele. Mtu anayejaribu kumsikia mwenzake sokoni hapati shida kwa sababu mwenzake ni bubu. Shida ni kwamba wengine pia wanasema. Mfano huo ulieleweka bila ufafanuzi zaidi.

Kelele hazina asili moja. Ziko zile za mara 50 kwa sekunde tulizokwisha kuzitaja, ambazo zinatoka katika gridi yenyewe. Ziko za ghafla: swichi kubwa ya mota inapofungwa au kufunguliwa, cheche ndogo hurusha pigo moja kali ambalo hudumu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Katika majumba ya elektrolisisi, ambamo shaba hukusanyika juu ya mabamba kwa nguvu ya mkondo mnyoofu, mashine za kugeuza mkondo geu kuwa mnyoofu huacha mawimbi madogo ya mara 300 au 600 kwa sekunde. Na iko kelele moja isiyoweza kukwepwa na mtu yeyote. Mnamo mwaka 1928 John Johnson na Harry Nyquist, wote wawili wazaliwa wa Uswidi waliofanya kazi Marekani, walieleza kwamba ndani ya kila kitu chenye ukinzani elektroni hutikisika kwa sababu ya joto lake tu, na mtikisiko huo ni kelele. Kelele hiyo ni ndogo mno, na fundi wa tanuru hana haja ya kuihofia. Tumeitaja ili msomaji asidhani kwamba iko siku kimya kamili kitapatikana.

Pipa na mfereji

Jibu la kwanza kwa kelele si kichujio. Fundi stadi huanza kwa kuzuia mlangoni: husokota pamoja nyaya mbili za ishara ili kile kinachoingia katika mmoja kiingie pia katika wa pili na vifutane, huzivika ganda la metali lililounganishwa na ardhi, huziweka mbali na nyaya za mota. Injinia mmoja alituambia kwamba nusu ya vichujio alivyoviona maishani mwake vilikuwa vinaficha waya uliotandikwa vibaya. Hata hivyo, baada ya yote hayo, kelele fulani hubaki, na hapo ndipo kichujio kinapoingia.

Msingi wake ni jambo moja, nalo ni jepesi: ishara na kelele hazina mwendo sawa. Joto la tanuru yenye tani nyingi za metali haliwezi kupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde; hata likitaka kupanda kwa nyuzi chache, litachukua dakika. Kwa hiyo kila kinachotikisika upesi katika waya ule si joto. Hatuhitaji kujua kilikotoka. Mwendo wake unatosha kukishtaki.

Ni nani basi awezaye kutenganisha cha upesi na cha polepole? Wakazi wa Lubumbashi wanamjua, kwani yumo uani mwa nyumba nyingi: ni pipa. Maji ya mfereji yanatoka kwa vishindo, mara kwa nguvu, mara kwa matone. Yaache yaanguke ndani ya pipa pana, kisha utoe maji yako kwa bomba dogo lililotobolewa chini. Vishindo vinapiga juu ya uso wa maji, lakini pale chini maji yanatoka kwa utulivu. Pipa halikuzuia kitu. Limepokea kila tone. Ila kina chake hakiwezi kubadilika ghafla, na kwa ajili hiyo kinajibu wastani wa maji yanayoingia, si kila kishindo.

Katika umeme, pipa huitwa kapasita, na bomba jembamba linaloongoza kwenye pipa ni rizista. Ishara inapita kwanza katika rizista. Baada ya rizista kapasita inaunganisha waya na ardhi. Na kipimo kinasomwa juu ya kapasita. Vitu viwili tu, ambavyo bei yake haifiki ya kipande cha sabuni. Kinachobadilika polepole huijaza na kuipunguza kapasita kwa wakati wake, nacho husomwa chote. Kinachobadilika upesi hakipati nafasi ya kuijaza: kabla haijapanda, mkondo umekwisha geuka na unaishusha.

Hapa tunaweza kumjibu mzee wetu. Mashapo yanakwenda wapi? Hayapo. Mkondo wa kelele unapita katika kapasita na kuingia ardhini, na sehemu ya nguvu yake inageuka kuwa joto dogo ndani ya rizista, dogo kiasi kwamba mkono hauwezi kulihisi. Hakuna kinachobaki, kwa hiyo hakuna cha kuosha. Kwa hoja hiyo tuliamua kuacha chujio la jikoni libaki jikoni, tukatumia kichujio kwa chombo cha umeme. Tofauti ya ngeli si pambo: ki- na vi- ndiyo ngeli ya vyombo vinavyotajwa kwa kazi yao, na fundi anayesikia kichujio anajua kwamba ameambiwa jambo jipya kidogo. Tulifikiria pia chekeche na kuchunga, kwani mama anayechunga unga wa muhogo anatenganisha laini na chenga. Lakini chekeche hutenganisha kwa ukubwa, na hapa ukubwa wa kelele si hoja. Kelele kubwa ya upesi hupunguzwa kwa uwiano ule ule ambao hupunguza ndogo. Kwa kweli neno lililo karibu zaidi na kazi yenyewe lingekuwa kupepeta, ambapo upepo hutenga kapi na nafaka kwa wepesi wao. Hatukuthubutu. Kipepeteo cha ishara kingetuchekesha sisi kwanza.

Namba mbili zinatosha kukiandika kichujio hiki kwenye karatasi. Zidisha ukinzani wa rizista kwa uwezo wa kapasita, utapata muda, ambao tumeuita muda-kipimo wa kichujio. Rizista ya omu 10,000 na kapasita ya maikrofaradi 10 hutoa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukigawanya 1 kwa muda huo uliozidishwa kwa 6.28, utapata idadi ya marudio ambapo kichujio kinaanza kukata: hapa ni 1.6 kwa sekunde. Kilicho chini sana ya hapo hupita salama. Kelele ya gridi, yenye marudio 50, hupunguzwa mara 31. Zile nyuzi 24 za kuchezacheza zinabaki chini ya nyuzi moja.

Kichujio cha namna hii hukata taratibu: marudio yakiongezeka mara mbili, kinachopita hupungua nusu. Anayetaka ukali zaidi hufuatanisha vichujio kadhaa, au huongeza koili na vikuza umeme. Historia ya maarifa hayo ni ndefu, nayo haikuanza viwandani bali katika simu. Mnamo mwaka 1915, George Campbell huko Marekani na Karl Wagner huko Ujerumani, kila mmoja bila kumtegemea mwenzake, walivumbua vichujio vya koili na kapasita vilivyowezesha mazungumzo mengi kupita katika waya mmoja. Mwaka 1930 Mwingereza Stephen Butterworth alionyesha jinsi ya kupanga vipande hivyo ili kinachoruhusiwa kupita kipite chote kwa usawa bila kupendelea sehemu yoyote, na jina lake bado linatajwa na kila mwanafunzi wa elektroniki.

Vichujio hivyo si vya waya mwembamba tu. Umeme unaofika Kolwezi kutoka Inga husafiri takriban kilometa 1,700 kwa mkondo mnyoofu, katika njia iliyofunguliwa mwaka 1982. Katika vituo vya aina hiyo, pale mkondo geu unapofanywa mnyoofu na pale unaporudishwa kuwa geu, huzaliwa mawimbi ya ziada ambayo ni lazima yanaswe kwa koili na kapasita zenye ukubwa wa kuzidi kimo cha mtu. Kanuni ni ile ile ya vile vipande viwili vya bei ya sabuni.

Sikio letu katika simu

Hapo juu tumesema kuwa kichujio hakibagui kwa ubaya au uzuri, bali kwa mwendo. Watu wa fonetiki wana ushahidi wao wa jambo hili. Simu ya kawaida ya waya hupitisha marudio kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde, na mengine yote hukatwa. Waliochagua mipaka hiyo walijali kwamba maneno yaeleweke, na kwa irabu hawakukosea, kwa kuwa sifa kuu zinazotofautisha a, i na u zimo ndani ya mipaka hiyo. Lakini sauti s hubeba sehemu kubwa ya nguvu zake juu ya marudio 4,000. Kwa hiyo, katika simu, s huvuliwa kile kinachoitenga na f. Mtu akikuambia kwa simu neno moja tu bila sentensi, hutajua kwa yakini kama ni fumbua au sumbua, kama ni faa au saa. Tunaposema sentensi nzima, maana huziba pengo, wala hatutambui kwamba kuna kilichopotea.

Tumelileta jambo hili kwa sababu linaonyesha hatari ambayo vitabu vya mafunzo huitaja kwa haraka mno. Kichujio kinaweza kuondoa habari pamoja na kelele, na anayesoma upande wa pili hana njia ya kujua. Kipimo kilichochujwa kupita kiasi hakionekani kuwa kibovu. Kinaonekana kizuri kuliko vyote.

Sekunde arobaini

Kisa kifuatacho tulisimuliwa na mafundi wenyewe wakati wa mafunzo, nasi hatutataja kiwanda. Kulikuwa na tangi dogo la tindikali ya sulfuri iliyochanganywa na maji, lenye eneo la juu la mita moja ya mraba. Ndani yake panga la kukoroga lilikuwa likizunguka, na uso wa maji ulipanda na kushuka sentimeta 5, karibu mara moja kila sekunde. Chombo cha kupima kina kilifuata mawimbi hayo kwa uaminifu, na namba katika chumba cha waangalizi haikutulia. Kengele ya hatari iliyowekwa sentimeta 25 chini ya ukingo haikuwa ikilia ovyo, lakini mwangalizi alichoshwa na namba isiyosimama, akalalamika. Fundi alifungua menyu ya chombo, akakuta kichujio kimewekwa kwenye sekunde 0, akakipeleka kwenye sekunde 40. Namba ikasimama kimya. Kila mtu akafurahi.

Turudi sasa kwenye pipa letu. Pipa linalotuliza vishindo ni hilo hilo linalochelewesha habari. Mfereji ukifunguliwa ghafla kwa nguvu mara mbili, maji ya chini hayatajua mara moja. Kichujio cha muda-kipimo wa sekunde 40, kitu kikiruka kutoka ngazi moja hadi nyingine, kitaonyesha asilimia 63 tu ya mruko huo baada ya sekunde 40, na asilimia 95 baada ya dakika mbili. Na kitu kikipanda kwa mwendo sawa, namba itakifuata nyuma kwa umbali usiobadilika, ambao ni mwendo huo uliozidishwa kwa muda-kipimo.

Siku moja vali ya kutolea ilikwama huku pampu ikiendelea kuingiza lita 10 kwa sekunde. Katika tangi la mita moja ya mraba, hiyo ni sentimeta moja ya kina kila sekunde. Zidisha kwa 40: namba ilikuwa sentimeta 40 nyuma ya ukweli. Tindikali ilipofika ukingoni, chombo kilisema kwamba bado kuna sentimeta 40 za nafasi, na kengele, ambayo ilingoja 25, ikanyamaza. Ukifanya hesabu kamili utaona kwamba kengele ililia takriban sekunde 19 baada ya tindikali kuanza kumwagika, yaani baada ya lita 190 kuwa sakafuni. Kijana mmoja aliyekuwa akifagia pale chini aliungua miguu. Alipona, lakini hakurudi katika kazi ile.

Tuliposimuliwa tulitaka kujua ni kichujio gani kingefaa, na injinia aliyekuwapo alitufanyia hesabu juu ya ubao. Wimbi la mara moja kwa sekunde, likipita katika kichujio cha sekunde 2, hupunguzwa zaidi ya mara 12. Sentimeta 5 zingebaki 0.4, jambo ambalo lisingemsumbua mwangalizi yeyote. Na ucheleweshaji? Sentimeta 2. Kengele ingelia kukiwa bado na nafasi ya sentimeta 23, yaani sekunde 23 za kuikimbilia pampu. Kutoka sekunde 2 hadi 40 hakuna faida iliyoongezeka ambayo jicho lingeweza kuiona. Kilichoongezeka ni hatari peke yake.

Ni nani wa kulaumiwa? Fundi yule hakuwa mzembe. Katika menyu ya chombo, kipengele kile kilikuwa na jina la kigeni lenye maana ya kufifisha au kutuliza, na kitabu cha maelezo hakikuwa katika lugha aliyoisoma kwa raha. Alitaka namba itulie, akaona neno linaloahidi utulivu, akalipa utulivu mwingi. Laiti neno lingetaja pia bei ya utulivu huo! Kwa ajili yake tuliamua kwamba katika tafsiri yetu kipengele hicho kisiitwe utulizaji. Tumekiita ucheleweshaji wa kichujio. Wahandisi wawili walitukosoa, wakisema kwamba tumetaja hasara na kusahau faida. Ni kweli. Faida inaonekana yenyewe kwenye kioo. Hasara ndiyo inayohitaji jina.

Wastani, namba ya kati, na gurudumu linalorudi nyuma

Vyombo vya siku hizi huchuja kwa hesabu. Umeme husomwa mara nyingi kwa sekunde, kila usomaji huandikwa kuwa namba, na programu ndogo huzishughulikia namba hizo. Njia iliyo rahisi ni wastani. Mtu akichukua wastani wa ishara kwa muda wa sehemu 20 za elfu za sekunde, huo ni mzunguko mmoja kamili wa gridi yetu ya marudio 50: nusu ya juu na nusu ya chini hufutana, na kelele ya gridi hutoweka kabisa. Tahadhari ni kwamba chombo kilichopangwa kwa ajili ya Marekani, ambako gridi ina marudio 60, huchukua wastani kwa muda mfupi zaidi, na kwetu kitaacha karibu moja ya tano ya kelele ipite. Hakuna kilichoharibika katika chombo hicho. Kuna swichi au menyu ya kugeuzwa. Wengine huchagua muda wa moja ya kumi ya sekunde, ambao una mizunguko kamili 5 ya huku na 6 ya kule, wakapumzika.

Wastani hauna nguvu mbele ya pigo la ghafla. Tuseme visomo vitano vya joto la bafu ni 61, 60, 250, 61 na 62. Kila mtu anaona kwamba 250 ni cheche ya swichi. Wastani wake lakini ni 98.8, joto ambalo halikuwapo hata mara moja. Zipange namba hizo kutoka ndogo hadi kubwa na uchague iliyo katikati, utapata 61. Namba ya kati haijali jinsi muongo alivyotia chumvi. Inahesabu tu kwamba yuko mmoja. Wanafunzi wetu huchanganya wastani na namba ya kati kila mwaka katika somo la takwimu za lahaja, na tumeona kwamba mfano huu wa swichi unawasaidia kuliko ule wa mishahara uliozoeleka.

Jambo la mwisho ndilo gumu kulielezea, nasi tunakiri kwamba tafsiri yetu ya kwanza ilikuwa na kosa hapa. Kila aliyetazama sinema ameona gurudumu la gari likionekana kuzunguka kinyume, au kusimama, ilhali gari linakwenda mbele. Kamera huchukua picha 24 kwa sekunde, na gurudumu likizunguka karibu mzunguko mzima kati ya picha mbili, jicho hudanganyika. Chombo kinachosoma umeme mara 10 kwa sekunde hudanganyika vivyo hivyo. Gridi ikiwa na marudio 49.9 badala ya 50, kelele yake itaonekana katika namba kama wimbi la polepole linalopanda na kushuka mara moja kila sekunde 10, wimbi ambalo linafanana kabisa na joto la tanuru linalobadilika. Kelele ya upesi imevaa nguo za ishara. Baada ya hapo hakuna programu iwezayo kuitambua, kwani tulisema kwamba mwendo ndio uliokuwa shahidi wetu, na shahidi huyo sasa amebadilisha maneno yake. Kwa hiyo kichujio cha rizista na kapasita hakina budi kuwekwa kabla ya usomaji, hata katika chombo chenye programu bora kabisa. Tulikuwa tumeandika kwamba kichujio cha hesabu kinachukua nafasi ya kile cha umeme. Tulirekebisha ukurasa huo kwa mkono katika nakala zote.

Kelele hii iliyojigeuza bado hatujaipatia jina linaloturidhisha. Mzuka ulipendekezwa, nao una uzuri wake, ila mafundi wengine hawakupenda neno hilo karibu na tanuru usiku. Kelele ya bandia si sahihi, maana kelele ni ya kweli na kilicho bandia ni mwendo wake. Kwa sasa tunaandika kelele iliyojigeuza, ambalo ni fungu la maneno, si istilahi. Msomaji mwenye pendekezo analetewa shukrani kabla.

Mzee wa swali la kwanza alibaki nyuma siku ya mwisho ya mafunzo, akaomba kalamu ya wino mzito na kipande cha karatasi ngumu. Tuliporudi kiwandani baada ya miezi miwili kuleta nakala zilizorekebishwa, tulikikuta kipande hicho kimefungwa kwa waya kwenye kabati la chombo cha tangi. Kimeandikwa hivi: Kichujio sekunde 2. Hakioshwi. Ukitaka kubadilisha, uliza kwanza maji yanapanda mbio gani.